Hewa Haiuzwi Soko la Sinaw

Alhamisi asubuhi soko la Sinaw linauza karibu kila kitu. Mbuzi na ngamia upande mmoja, majambia na vyombo vya fedha upande wa pili, halua, tende, samaki waliopandishwa usiku kutoka pwani. Na vitu vya moto vipo tele: magunia ya makaa, kuni za mgunga, mitungi ya gesi. Ukitoka sokoni unapita kituo cha petroli. Kila kimoja kina bei, na kila bei ina mtu wa kubishana naye.

Kitu kimoja tu hakina bei wala muuzaji, nacho ndicho kingi kuliko vyote. Kilo moja ya makaa, ili iungue mpaka ibaki majivu, inakula kama kilo kumi za hewa. Kilo kumi! Petroli ndio zaidi: kilo moja inataka kilo 14.7 za hewa. Mimi kila wiki naendesha gari Sinaw mpaka Maskati, karibu kilomita 200, natumia kama lita 20. Hizo ni kilo 15 za petroli. Hewa inayoingia kwenye injini njia nzima ni zaidi ya kilo 200, yaani watu wazima watatu wanene wamekaa kiti cha nyuma na hakuna aliyewaona wakiingia.

Tulipolitaja hili kwenye kipindi, mwenzangu akacheka akasema mimi napenda kupiga hesabu za ajabu. Sawa. Lakini wengi mliuliza maswali baadaye, na swali moja lilinikaa: kama hewa ni muhimu namna hiyo, mbona katika historia ya moto tunasoma juu ya kuni, makaa, mafuta na gesi, hewa haitajwi? Nimeandika haya kujaribu kujibu. Pia kuna usiku mmoja wa utotoni ambao nimeuzunguka muda mrefu bila kuusimulia, na hapa ndipo mahali pake.

Nianze na Bibi. Bibi yangu alizaliwa Unguja, akaja Oman miaka ya sabini kama wengi wa bibi zenu, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi. "Kurudi" kwake yeye ilikuwa ni kuja mahali ambapo hajawahi kupaona. Alikuja na khanga, mbuzi ya nazi, na akili ya jiko la mkaa. Nasema akili kwa sababu jiko lenyewe ni bati tu, mtu yeyote analo. Akili ni kujua mlango wa chini uufungue kiasi gani, upepee wakati gani na uache wakati gani. Akitaka maji yachemke upesi, pepeo linakwenda mbio. Wali ukikaribia kukauka, anaziba mlango, anatoa makaa machache chini na kuyapalia juu ya kifuniko, moto unatulia kama umeambiwa neno. Mkaa ni uleule. Alichokuwa anakipima ni hewa, ila yeye hakuita hewa, aliita "kuupa moto" na "kuunyima moto".

Sasa tuondoke jikoni, twende nyuma kidogo. Miaka elfu nne hivi.

Kutoka Sinaw ukienda kaskazini, chini ya saa moja kwa gari, unafika Samad al-Shan. Karibu yake, bondeni Wadi Samad, kuna mahali panaitwa Maysar. Ukipita huoni kitu cha kukusimamisha. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Jumba la Makumbusho la Madini la Bochum, Ujerumani, wakiongozwa na Gerd Weisgerber, walifukua pale kijiji cha wafua shaba wa nusu ya pili ya milenia ya tatu kabla ya Kristo. Walikuta nyundo za mawe, vipande vya matanuri ya udongo, mavi ya shaba (ndiyo, hivyo ndivyo Kiswahili kinavyoita takataka ya madini iliyoyeyuka ikaganda, msicheke), na vipande vya shaba vyenyewe, umbo la mkate mdogo wa mviringo, kwa sababu shaba ilitulia kwenye shimo chini ya tanuri ikachukua sura ya shimo.

Hii ndiyo Magan. Maandishi ya Mesopotamia yanaitaja Magan kuwa nchi ya shaba, na Sargon, mfalme wa Akkad, alijisifu kwamba merikebu za Meluhha, Magan na Dilmun zinafunga gati kwake. Kwa hiyo sehemu ya vyombo vya shaba vya dunia ile ilipita kwenye mikono ya watu waliokuwa wanapika chakula chao cha usiku hapa karibu na kwetu.

Sasa fikirini tatizo lao. Jiwe la shaba, lile la kijani, ndani yake shaba imefungamana na oksijeni. Unataka kuitoa. Tena unataka iyeyuke ikusanyike, na shaba inayeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi. Moto wa kuni wa kawaida, ule wa kuota nje, haufiki huko. Hata ukirundika mgunga wa bonde zima hupati kitu zaidi ya moto mkubwa. Ili upande juu lazima mambo mawili: kwanza uwe na makaa badala ya kuni, pili uipeleke hewa kwa nguvu kwenye kitovu cha moto, kwa pumzi za watu kupitia mirija, au kwa mvukuto wa ngozi.

Na hapa pana jambo ambalo mimi sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima na digrii ya uhandisi mkononi, aibu kidogo. Hewa kule ndani inafanya kazi mbili zinazopingana. Ikiwa nyingi, makaa yanaungua kabisa na kutoa joto. Lakini ndani ya tanuri, katikati ya rundo la makaa ya moto, oksijeni haitoshi kwa kila kipande, basi inatoka gesi nyingine, kaboni monoksidi: kaboni iliyopata oksijeni nusu, bado ina njaa. Gesi hii ikipita kwenye jiwe la shaba inainyang'anya oksijeni yake, na shaba inabaki peke yake. Kwa hivyo joto peke yake halikuwa linaitoa shaba. Iliyoitoa ni gesi yenye njaa, na aliyeitengeneza ni mtu wa mvukuto, kwa kujua apulize kiasi gani. Akizidisha anaiharibu kazi, akipunguza moto unalala.

Mbona basi hatusikii habari za mtu wa mvukuto? Sababu moja ni rahisi mno: kazi yake haiachi alama. Mawe yanakaa, udongo uliochomwa unakaa, mavi ya shaba yanakaa mpaka leo meusi juu ya mchanga. Ngozi inaoza. Pumzi ndiyo kabisa. Ukienda makumbusho unaonyeshwa kipande cha shaba kwenye kioo, nusu ya kazi iliyokitengeneza imeshapeperuka.

Mahali ambapo hewa imeacha alama, na alama nzuri, ni upande wetu wa pili. Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, Tanzania. Miongoni mwenu wapo ambao babu zao walipita njia hizo, maana wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamejenga Kafuro, Karagwe, tangu karne ya 19. Pale Buhaya wazee walikuwa wanafua chuma kutoka kwenye mawe ya kwao, kazi iliyokufa mwanzoni mwa karne ya 20 chuma cha Ulaya kilipojaa madukani. Miaka ya 1970 Peter Schmidt, mtafiti wa mambo ya kale kutoka Marekani, aliwakuta wazee ambao bado wanakumbuka. Akawaomba wajenge tanuri wafue tena, naye aangalie.

Wazee wakajenga. Chini wakachimba shimo wakachoma matete mpaka shimo likajaa masizi ya kaboni. Kisha mivukuto ikazunguka tanuri, na kila mvukuto una mrija wa udongo. Cha kustaajabisha ni kwamba mirija haikuishia mlangoni. Iliingia ndani kabisa ya tanuri, kwenye moto. Hewa ikipita ndani ya mrija unaochomwa nje, inapata joto kabla haijafika kwenye makaa. Hewa ya moto haiupozi moto, si ndio? Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika haya kwenye jarida la Science mwaka 1978, na wakasema kwamba vipande vya mirija ya kale walivyovichimba, vyenye mavi ya chuma yaliyoyeyuka yakagandia juu yake, vinaonyesha watu wa hapo walifanya hivyo tangu miaka 1,500 mpaka 2,000 iliyopita. Ulaya, wazo la kupasha hewa kabla ya kuipuliza kwenye tanuri la chuma lilipata hati mwaka 1828, mikononi mwa James Beaumont Neilson wa Scotland.

Nisiwadanganye, wataalamu wengine walibishana nao. Wapo waliosema mirija iliingizwa ndani kwa sababu nyingine na kwamba hewa haikupata joto la maana. Mimi si mtaalamu wa chuma cha kale. Ninachokipenda katika ugomvi huo ni kwamba watu wazima wenye vyeo wamegombana miaka mingi juu ya hewa, na ushahidi wao wote ni kipande cha udongo chenye tundu.

Kwenye soko letu, masonara wa fedha walikuwa na mambo hayohayo kwa udogo. Fedha inayeyuka kwenye nyuzi 962. Wazee waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile zenye picha ya mwanamke, wakatengeneza bangili na vikuku vya harusi. Kila bangili ya zamani kwenye kabati la mama yako ina mtu nyuma yake aliyekaa chini anapuliza.

Wenye vitabu walichelewa. Wataalamu wa Ulaya karne ya 18 walikuwa wanaamini kitu kinachoungua kinatoa kitu ndani yake, na moto ni huko kutoka. Ukitazama kuni zinavyoisha na kubaki majivu kidogo unaweza kuwasamehe. Lavoisier wa Ufaransa akafanya jambo ambalo muuza duka yeyote wa Sinaw angelifanya: akapima kwa mizani. Akaona metali ikichomwa uzito unazidi. Basi kuna kitu kimeingia. Joseph Priestley, Muingereza, alikuwa ameshaipata gesi yenyewe mwaka 1774, na Lavoisier ndiye aliyeipa jina la oksijeni. Kwa mizani hiyohiyo rudini kwenye gari langu: kilo 15 za petroli zinatoka nyuma kwenye bomba zikiwa kilo 46 hivi za kaboni dioksidi, achilia mbali mvuke. Hazikuzaana njiani. Zilizozidi ni oksijeni iliyochukuliwa barabarani kati ya Sinaw na Maskati.

Haya, ule usiku.

Ilikuwa Januari 1997, na mwaka ule Ramadhani ilianguka Januari. Nilikuwa na miaka minane. Mvua ilikuwa imenyesha, na wale mnaoijua Sinaw mnajua baridi ya usiku baada ya mvua inavyoingia kwenye mifupa. Tulilala watoto wanne chumbani kwa Bibi: mimi, kaka yangu, na watoto wawili wa ami. Bibi alikuwa amekwenda kulala kwa shangazi, mgonjwa. Kabla ya kutoka alituonea huruma. Jiko lililochemshia chai baada ya tarawehe lilikuwa na makaa mekundu mazuri, hayana moshi hata kidogo. Akaliingiza ndani, akaliweka pembeni mbali na magodoro, akafunga dirisha. Na ili baridi isipite chini ya mlango, akakunja khanga akaibana pale.

Alifanya kila kitu kwa mapenzi. Naomba mlikumbuke hilo mnaposoma.

Chumba kilikuwa mita tatu kwa nne. Hesabu nimeipiga baadaye, mara nyingi kuliko inavyohitajika: kilo moja ya makaa inamaliza oksijeni yote ya robo ya hewa ya chumba kile. Na kabla haijaisha, makaa yanaanza kupata oksijeni nusu. Yanatoa ile gesi yenye njaa ya Maysar. Haina rangi, haina harufu. Kule tanurini inainyang'anya oksijeni shaba. Chumbani inakwenda kwenye damu, na damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Mtu halali vizuri wala halali vibaya. Analala tu, na anaendelea kulala.

Tuliokolewa na daku. Laiti isingelikuwa Ramadhani, mtu asingefungua mlango ule mpaka asubuhi. Mama alikuja kutuamsha kiasi cha saa kumi usiku, sisi watoto tulikuwa tunajitia kufunga. Nakumbuka kichwa kinagonga kama ngoma na miguu hainitaki. Kaka alitapika mlangoni. Mtoto mkubwa wa ami alitambaa mwenyewe. Mdogo wake hakuamka. Walimbeba mpaka uani, kwenye ubaridi, ami anampiga makofi mashavuni anamwita jina lake. Hospitalini akawekwa oksijeni. Akafungua macho adhuhuri.

Maneno yakaanza siku ileile. Wengine wakasema moshi, na Bibi akaapa kwamba moshi haukuwepo, na alikuwa anasema kweli. Wengine wakasema kijicho. Na jirani mmoja akasema, kwa Kiarabu ili sote tusikie vizuri, kwamba hawa Wazanzibari na majiko yao wataua watoto. Bibi alisikia. Hakujibu. Jiko lile hakuliwasha tena ndani ya nyumba wala nje, na mimi nilikua nikidhani ni kweli, kwamba Bibi alikuwa mshamba wa moto.

Nimechukua miaka kuona kilichotokea. Bibi alijifunza moto kwenye nyumba zinazopumua. Unguja jiko lilikaa uani. Hata ndani, dari ilikuwa ya boriti na makuti yana nafasi, madirisha ya mbao hayafungi sawasawa. Nyumba za udongo za zamani za Sinaw zilikuwa vilevile, mapaa ya magogo ya mtende, matundu ya juu ya ukuta, na watu waliota makaa ndani vizazi na vizazi. Halafu, ndani ya miaka ishirini tu, tukajenga nyumba za simenti, madirisha ya aluminiamu yenye mpira pembeni, ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Nyumba zikaacha kupumua na hakuna aliyetoa tangazo. Bibi alikuwa bingwa wa kuupa moto hewa. Hakuna aliyemwambia kwamba chumba chenyewe sasa kimekuwa jiko lililofungwa mlango.

Kila majira ya baridi bado tunasikia onyo la Ulinzi wa Raia juu ya makaa ndani ya mahema na vyumba. Ukisikia, usimcheke aliyefanya. Fungua dirisha, toa jiko nje, na kama kuna mtu hatamkiki vizuri au kichwa kinamuuma bila sababu, mtoe kwenye hewa kwanza, maswali baadaye.

Mwaka jana nilimwambia Bibi haya yote, la gesi na la madirisha. Sasa ni mzee sana, anasikia kwa sikio moja. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo ni dirisha?" Nikamwambia ndiyo Bibi, ni dirisha. Akasema, "Niliifunga vizuri ile khanga." Akageukia ukutani.

Bado shuwa sijaisema, na nikiiacha mtanipigia simu. Nyama imekolezwa, imefungwa majani makavu ya mgomba, imetiwa kwenye vifuko vya ukili, na kila mtaa una shimo lake. Kuni zinawashwa mpaka shimo linakuwa jekundu, vifuko vinatupwa ndani, na papohapo kifuniko kinashuka na udongo wa maji unapigwa kuzunguka. Hapo kazi yote ni kuunyima moto. Pakibaki tundu dogo, hewa inaingia, na baada ya siku moja unafukua makaa badala ya chakula cha Idi. Wachoma mkaa wa Tanzania wanafanya vilevile na magogo, wao makaa ndiyo wanayoyataka.

Mtaani kwetu anayesimama na koleo juu ya shimo ni yule mtoto mdogo wa ami. Ana miaka 34, ana watoto wawili, na ni mkali kuliko wazee. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka mpaka yeye azunguke shimo mara ya pili, mgongo umeinama, anatafuta mvuke unapotoka. Akiuona anaita udongo.